Kidonge cha kukausha jasho la mtoto

Mama mmoja alinifungulia daftari la hesabu la mwanawe wa miaka 9. Kurasa zimejikunja pembeni, wino umesambaa, na katikati kuna kipande cha khanga ambacho mtoto hukilaza chini ya mkono anapoandika. Mama alitaka kitu kimoja tu: kidonge cha kukausha jasho la viganja. Alishasikia kwamba kipo.

Kipo, kweli. Kinachotumika sana ni oksibutinini, dawa iliyoanza kama tiba ya kibofu. Tezi za jasho hupokea amri ya mishipa ya fahamu kupitia kemikali iitwayo asetilikolini. Dawa hii huiziba amri njiani. Kwa jasho la mtoto, daktari huiandika kwa uamuzi wake, akianza na dozi ndogo na kupandisha polepole.

Tatizo ni kwamba kidonge hakichagui kiganja. Kikishaingia kwenye damu, kinakausha mate, kinafanya choo kuwa kigumu, wakati mwingine mkojo unagoma na maandishi ya ubaoni yanaonekana kwa ukungu. Ukimpa na Piriton ya mafua, ukavu unaongezeka, maana nayo ina tabia hiyohiyo. Na kama bibi ana vidonge vyake vya kibofu, vya bibi ni vya bibi.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni joto. Jasho ndilo linaloupoza mwili. Mtoto aliyekaushwa, akacheza chandimu saa nane mchana Dar es Salaam mwezi Februari, mwili unaweza kuchemka bila yeye kujua. Ukimgusa ngozi ni ya moto na kavu, analalamika kichwa au kizunguzungu, maneno hayaeleweki: mtoe juani, mmwagie maji, mpepee, mkimbize hospitali.

Kwa hiyo kabla ya kidonge tunauliza maswali. Usiku akiwa usingizini, mshike viganja. Jasho la kuzaliwa nalo, ambalo mara nyingi hata baba au shangazi analo, hutulia mtoto akilala. Shuka zikilowa usiku, tena ana kikohozi na anakonda, tunatafuta kifua kikuu. Mtoto mchanga anayetota jasho wakati wa kunyonya apimwe moyo.

Tiba huanzia nje ya mwili: dawa ya kupaka yenye aluminiamu kloraidi, usiku, kwenye ngozi iliyokaushwa vizuri, vinginevyo inawasha. Ipo pia mashine ya kuloweka mikono kwenye maji yenye umeme mdogo, dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki mwanzoni. Ni kifaa cha kitabibu. Fundi wa mtaani asijaribu kuitengeneza.

Yule mtoto tumemwanzishia ya kupaka. Kidonge tutakizungumza baada ya miezi ya joto. Kwa sasa mwalimu ameombwa amruhusu kuandika kwa penseli, maana haisambai.