Fedha ziko benki, mishahara hailipiki: hesabu ya asasi wakati wa mlipuko

Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19, na kesho yake shule zikafungwa. Kwa asasi iliyoishi kwa mradi wa kutembelea shule, kazi ilisimama palepale. Kodi ya pango haikusimama.

Tuchukue mfano. Asasi ina shilingi milioni 40 benki. Milioni 34 ni ruzuku ya mradi, yaani fedha zenye masharti. Zilizo huru ni milioni 6. Pango, umeme na mishahara ambayo hakuna mradi unaoilipa hula milioni 3 kwa mwezi. Mkurugenzi anayetazama salio peke yake anadhani ana zaidi ya mwaka mmoja, kumbe ana miezi 2. Kabla ya kupunguza mtumishi hata mmoja, mwombeni mhasibu awatengenezee hesabu hiyo, kisha aiweke mbele ya bodi.

Kosa linaloniumiza zaidi ni la "kukopa kidogo" kwenye fedha za mradi kwa nia njema, mkitegemea kurudisha hali ikitulia. Hali haitulii mapema. Mkaguzi anapokuja anakuta fungu la mafunzo limelipa mishahara, na mfadhili ana haki ya kudai fedha zake. Wakati huo ruhusa ingepatikana kwa kuomba: mwaka 2020 mamia ya taasisi za ufadhili, nyingi za Marekani, ziliahidi hadharani kulegeza masharti ya ruzuku na kusogeza mbele tarehe za ripoti. Mwezi Juni Ford Foundation ilikwenda mbali zaidi, ikauza hatifungani (hati za kukopa fedha kwa wawekezaji) za dola bilioni 1 ili iongeze ruzuku.

Kwa hiyo andikeni mapema, msisubiri akaunti ikauke. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: shughuli gani imesimama, mnapendekeza nini badala yake, kiasi gani kitoke fungu gani kiende fungu gani, na hadi lini. Msiguse fedha mpaka jibu lije kwa maandishi. "Sawa, endeleeni" ya kwenye simu haina uzito mbele ya mkaguzi.

Asasi zinazochangisha fedha kwa matembezi au hafla za chakula cha hisani zina hatari yao, kwa sababu mlipuko huzuia mikusanyiko kwanza. Mbio za London Marathon, ambazo mwaka 2019 zilichangisha zaidi ya pauni milioni 66 kwa ajili ya asasi za hisani, hazikukimbiwa Aprili 2020 kama zilivyopangwa. Serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa pauni milioni 750 kwa asasi hizo. Asasi za huku kwetu zisiweke bajeti kwa kutarajia mkono wa namna hiyo.

Swali gumu ni akiba itoke wapi. Nadhani sehemu ya tatizo tunalitengeneza wenyewe: tukiandika maombi ya ruzuku tunaficha gharama za uendeshaji ili tuonekane wa bei rahisi. Mhasibu anayefanya kazi za miradi 3 lazima alipwe na miradi yote 3, kila mmoja kwa sehemu yake, na hilo lionekane kwenye bajeti tangu mwanzo. Hapo ndipo michango midogo isiyo na masharti, hata ile ya shilingi elfu mbili mbili kwa simu, inapata nafasi ya kubaki kama akiba. Ifungulieni akaunti yake, na bodi iamue kwa maandishi nani ana idhini ya kuitoa.