Urefu wa mtutu si shabaha: bastola ya .22 ya kuwindia kindi

Msimu wa kindi hapa Kentucky hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, na Julai ikianza tu meza yangu ya ufundi hujaa watu wenye ombi moja: "Fundi, nitafutie bastola ya semi-otomatiki yenye shabaha kali. Iwe na mtutu mrefu." Analisema mkulima aliyezaliwa hapa, analisema ndugu yetu Mkongomani wa Louisville aliyekata leseni ya uwindaji kwa mara ya kwanza. Wote wameambiwa na mtu mwingine, na huyo mtu naye aliambiwa. Nimelijibu mara nyingi mno kwa mdomo, sasa naliandika.

Urefu wa mtutu hauifanyi bastola iwe na shabaha kali zaidi. Katika bastola ya .22 LR, yaani ile inayotumia risasi ndogo ya kawaida ya .22, ukiacha uzito mtutu mrefu huongeza mambo mawili tu: kasi ya risasi, na nafasi kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma. Tuyachukue moja moja.

Kasi kwanza, maana hiyo ni fupi. Risasi ya kawaida ya grini 40 (uzito wa karibu gramu 2.6) huandikwa kwenye boksi kasi ya futi kama 1,070 kwa sekunde, na zile za kasi kubwa futi 1,235 au zaidi. Tarakimu hizo zimepimwa kwa bunduki ndefu. Sauti yenyewe husafiri futi kama 1,125 kwa sekunde. Risasi inayotoka ikiwa imeipita sauti, kisha ikapunguza mwendo na kurudi chini yake ikiwa bado njiani, husukwasukwa na hewa. Ndiyo sababu wapiga shabaha wa .22 hupenda risasi za polepole. Kwa bastola ya inchi tano na nusu, risasi nyingi za kasi kubwa hata hazifiki huko, na kindi aliyepigwa kichwani kwa umbali wa yadi 25 hawezi kutofautisha futi 50 za ziada. Basi kasi si hoja.

Nafasi ya vilengeo ndiyo chanzo cha imani yote hii, na ina ukweli ndani yake, kwa hiyo nitakaa hapa. Chukua bastola ambayo vilengeo vyake vimeachana milimita 200. Ukikosea kuvipanga kwa milimita 0.2 tu, yaani unene wa karatasi mbili, risasi itakwenda pembeni sentimita 2.5 kwa umbali wa mita 25. Refusha mtutu mpaka vilengeo viachane milimita 250, kosa lile lile linakuwa sentimita 2. Umepata nusu sentimita. Kichwa cha kindi wa kijivu nakihesabu kama duara la sentimita tatu, kwa hiyo nusu sentimita si kitu cha kudharau. Lakini tazama ni nini hasa kimepatikana: bastola haijabadilika, jicho lako ndilo lililopewa kipimo kirefu zaidi. Funga juu yake kilengeo cha nukta nyekundu, yaani kioo kinachokuonyesha nukta moja ya mwanga ya kulengea, na faida hiyo inakwisha papo hapo, kwa sababu sasa hakuna vitu viwili vya kupanga. Hata hivyo watu wananiletea bastola ya karibu inchi saba ambayo tayari ina nukta nyekundu, wakisema waliichukua ndefu kwa ajili ya shabaha! Walicholipia ni uzito wa mbele. Wapo ambao uzito huo huwatuliza mkono, na wapo ambao baada ya nusu saa ya kusubiri chini ya mti wa hikori mkono unaanza kutetemeka.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Kwa unene ule ule, mtutu mfupi ni mgumu zaidi kuliko mrefu, na mtutu mgumu hautikisiki sana risasi inapopita. Mtutu mnene wa inchi tano na nusu haupaswi kuonewa huruma na mtu yeyote.

Sasa, usahihi wa semi-otomatiki unatoka wapi? Kwanza, mtutu uliotulia. Katika bastola nyingi za milimita 9 za kujilinda, mtutu wenyewe huinama na kusogea kila risasi inapotoka, na vilengeo vimekaa juu ya slaidi, yaani kipande cha juu kinachokwenda na kurudi. Kila mara vyote hivyo hulazimika kurudi mahali pale pale. Ndiyo maana namwambia anayetaka kwenda porini na 9 mm yake ya nyumbani aiache, na hapo sijataja nyama itakayoharibika. Bastola nzuri za .22 zimeundwa vingine kabisa. Ile ya Ruger iliyoanza kuuzwa 1949, na uzao wake mpaka Mark IV ya 2016, ina mtutu uliokazwa moja kwa moja kwenye bomba la juu, na bolti, kile kipande kinachofunga nyuma ya risasi, hutembea ndani ya bomba hilo. Kilengeo cha mbele kiko kwenye mtutu, cha nyuma kwenye bomba, na hakuna kinachosogea kati yao. Smith & Wesson Model 41 imeweka vilengeo vyote viwili juu ya kipande cha mtutu. Browning Buck Mark ni nzuri pia, ila kagua skrubu za ule mhimili wa juu wenye kilengeo, zikilegea utalaumu risasi bure.

Na kwa wale wanaodai kwamba semi-otomatiki haiwezi kushindana na revolva: revolva ina matundu ya risasi sita au zaidi, na kila tundu lazima lijipange na mtutu. Semi-otomatiki ina tundu moja tu, yaani chemba moja.

Pili ni triga, yaani kifyatulio. Triga nzito yenye kukwaruza huvuta bastola pembeni zaidi kuliko kosa lolote la vilengeo nililolipigia hesabu hapo juu. Triga za Model 41 hutoka kiwandani zikiwa takriban pauni tatu na safi. Nyingine nyingi huhitaji kazi. Hata hivyo siweki triga ya kuwindia chini ya pauni mbili na nusu, mteja anililie namna gani. Asubuhi ya Desemba kidole kina glavu na baridi, na triga nyepesi mno hapo ni hatari.

Tatu ni risasi, na hapa ndipo vitabu hunyamaza. Bastola mbili za aina moja, zenye namba zinazofuatana, zinaweza kupenda risasi tofauti. Moja inakusanya risasi za polepole za CCI Standard Velocity ndani ya eneo la sarafu, ya pili inazitawanya lakini inapenda zile za chapa ya SK. Watu wa ufundi tuna maelezo: chemba imebana kiasi gani, risasi inagusa mifereji ya mtutu mapema au kwa kuchelewa, nta iliyopakwa juu ya risasi ni ya aina gani. Maelezo hayo ni ya kweli kwa sehemu. Lakini nimeona chemba pana iliyopaswa kutawanya risasi ikizipanga vizuri, na sijawahi kutabiri kwa kuangalia tu. Ukiona fundi anakuambia kabla ya kupima kwamba bastola hii itapenda risasi fulani, anabahatisha. Kuhusu kusafisha mtutu vilevile, mimi mwenyewe nasitasita. Nasafisha chemba mara kwa mara, mtutu naugusa pale tu shabaha inapoanza kupanuka, na fundi ninayemheshimu anafanya kinyume na bastola zake zinapiga vizuri.

Kwa hiyo pima. Mezani, mikono juu ya mifuko ya mchanga, yadi 25. Unapobadilisha aina ya risasi, piga kumi bila kuhesabu ili nta mpya itawale mtutu. Kisha piga makundi ya risasi tano, mara nne au tano kwa kila aina. Picha ya risasi tatu zilizogusana unayonitumia kwenye WhatsApp hainiambii chochote. Risasi tatu hugusana kwa bahati, na kundi likiongezwa risasi linapanuka. Hesabu lile kundi baya zaidi, maana kindi hatachagua kukutana na lile zuri. Upana wake ukizidi sentimita tatu, sogea karibu porini au tafuta risasi nyingine. Angalia pia kama bolti inarudi kikamilifu, kwani baadhi ya risasi za polepole sana hazina nguvu ya kuisukuma.

Jambo moja silifanyii mzaha. Kindi akiwa juu ya tawi na nyuma yake ni anga tupu, usipige. Risasi ya .22 husafiri zaidi ya maili moja, na hapa kwetu ndani ya maili moja kuna nyumba na watoto. Subiri ajibanze kwenye shina nene. Kaa chini, egemea mti, viwiko juu ya magoti. Na kabla ya yote soma kijitabu cha kanuni cha jimbo lako, maana kinachoruhusiwa Kentucky huenda kisiruhusiwe jimbo jirani.

Ukiniuliza nikununulie nini: Mark IV Target yenye mtutu mnene wa inchi tano na nusu, au Buck Mark ya urefu huo huo. Model 41 ikiwa mfuko unaruhusu. Ile tofauti ya bei uliyokuwa uiweke kwenye mtutu mrefu, inunulie maboksi ya aina nne za risasi uzipime. Ukipata inayopendwa na bastola yako, angalia namba ya mkupuo, yaani ya risasi zilizotengenezwa pamoja, iliyochapwa kwenye boksi, rudi dukani siku hiyo hiyo, na chukua zote zenye namba hiyo unazoweza kulipia. Namba ikibadilika, pima upya.