Ajali Haina Kinga? Kima Punju na Barabara ya Jozani

"Ajali haina kinga." Panda daladala ya Jambiani au ya Makunduchi, na siku mtakayopita Jozani, msitu wa hifadhi hapa Unguja, mkamkuta kima punju, aina ya kima wa msitu huo, amelala ubavu kando ya lami, hiyo ndiyo kauli utakayoisikia. Konda ataisema, abiria wawili watatu wataiitikia, gari itaendelea. Watu wanaisema kwa huruma, wala sina shaka na huruma yao. Lakini katika yote yanayosemwa kuhusu wanyama na barabara zetu, hili ndilo kosa kubwa kuliko mengine, kwa sababu likishakubaliwa hakuna tena la kufanya.

Barabara ile yenyewe imekwisha kulijibu. Kabla ya kuwekwa matuta, kima punju mmoja alikuwa akigongwa kwa wastani kila wiki 2 au 3. Yalipowekwa matuta manne, ikawa mmoja kila wiki 6 hivi. Msitu haukuhama, kima hawakufundishwa kuvuka, na madereva walikuwa wale wale. Kilichopungua ni mwendo.

Na mwendo una hesabu. Gari inayokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Dereva mwenye macho mazima, asiye na simu mkononi, anahitaji kama sekunde nzima kuona kitu, kuamua na kukanyaga breki. Kwa hiyo zaidi ya mita 20 zimeshapita kabla gari haijaanza hata kupungua. Kisha ndiyo breki ifanye kazi, na hapa wengi wanakosea: ukizidisha mwendo mara mbili, umbali unaohitaji ili breki isimamishe gari hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Pale Jozani miti imesogea hadi ukingoni mwa lami. Kima akitoka kwenye majani, hiyo mita 20 ya kufikiria huna.

Sasa wapo wanaosema, kama matuta yamesaidia, basi kazi imekwisha. Haikwisha. Tuta hupunguza mwendo pale lilipo na hatua chache mbele yake. Kaa pembeni uangalie magari ya watalii yanayowahi Paje: yanashuka tuta, yanavuta mafuta, yanafika tuta linalofuata yanakanyaga breki. Kima havuki kwenye tuta, anavuka penye mti anaoutaka.

"Mpigie honi, atatoka." Hili hutoka zaidi kwa madereva wa kila siku, na nadhani wanaliamini kweli. Lakini kima punju wa Jozani amezaliwa akisikia honi. Kundi lake linaweza kufika kima 30 au 50, na halivuki pamoja. Mmoja hushuka, hukaa ukingoni mkia umelala kwenye majani makavu, hutazama huku na huku, halafu huruka mbio hadi ng'ambo. Kimya kidogo. Wa pili huja. Kisha mama, mtoto amemng'ang'ania tumboni, uso umezama kwenye manyoya ya mama yake, na mama mwenyewe hukimbia chini chini kwa sababu ya uzito. Baada yake kunaweza kuwa na wengine kumi bado juu ya miti upande ule ule. Honi hapo inamfanya aliye katikati ageuke arudi alikotoka, yaani arudi mbele ya gurudumu. Ukiona mmoja amevuka, usiseme "amepita". Punguza mwendo ukijua kwamba wenzake wanafuata.

Wengine hudhani wanyama hugongwa usiku tu. Kwa komba, ngawa na paa ni kweli usiku una hatari yake, na bahati nzuri macho yao hung'aa kwenye taa ukiwa bado mbali. Ila kima punju ni mnyama wa mchana. Giza likiingia yuko juu ya mti amelala. Anayekufa barabarani amekufa jua likiwaka, dereva akiona vizuri kabisa.

Kuhusu kukwepa, nitasema kwa ufupi: usitupe usukani. Barabara zetu za shamba ni nyembamba, pembeni kuna watoto wanaotoka skuli, kuna baiskeli, kuna gari la ng'ombe lisilo na taa. Kanyaga breki ukiwa umenyooka. Mwenye vespa aliyebeba mtu nyuma ndiye wa kuwa mwangalifu zaidi, maana breki ya ghafla kwenye majani yaliyolowa humwangusha yeye kabla ya kima.

Lipo jingine linaloniuma zaidi, nalo ni lile la "kima mwenyewe mharibifu, anakula nazi zetu, akipungua si hasara." Watafiti walilifuatilia jambo hili la nazi mashambani karibu na Jozani na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Ni kweli kima punju hula vidaka vya nazi. Lakini minazi waliyoila zaidi haikutoa mavuno machache, bali ilikuwa ndiyo yenye mavuno mazuri. Mnazi hudondosha vidaka vingi kwa hali yake, na huenda vinavyoondolewa mapema huvipa nafasi vilivyobaki. Mkulima ana haki ya kulalamika, ila hasara anayoiona juu ya mti si ile anayoikuta wakati wa kuangua.

Na hasara ya kumpoteza ni kubwa. Kima punju ni wa Unguja, hana kwao kwingine duniani. Hata wale wachache walioko msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu katika miaka ya 1970. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kwamba wapo zaidi ya 5,800. Watu wakisikia namba hiyo huona wapo tele. Lakini jike huzaa mtoto mmoja, akamlea muda mrefu kabla ya kuzaa tena. Mnyama mwindaji huchukua zaidi mtoto, mzee au mgonjwa. Gari halichagui, linachukua hata jike mzima aliye katika umri wa kuzaa.

Wageni nao wana lao: kusimamisha gari na kumrushia kima ndizi. Tumbo la kima punju limegawika vyumba, lina vijidudu vya kuchachusha majani, na matunda mabivu yenye sukari nyingi hulivuruga. Zaidi ya hapo, chakula kinachotoka dirishani hufundisha wanyama kusubiri magari. Dereva wa utalii anayenyamaza kwa kuogopa kukosa bahashishi ajue kesho gari lake ndilo litakalopita hapo.

Paa akigongwa, kuna wanaosema ni riziki. Sisi watu wa Qur'ani tunajua Sura Al-Maida, aya ya 3, imetaja kwa dhahiri aliyekufa kwa kipigo kuwa ni haramu, isipokuwa mliyemwahi kumchinja. Atakayesema amemwahi, akumbuke kwamba paa nunga, aina adimu ya paa, analindwa na sheria. Duniani asili yake ni hapa Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, basi.

Ukigonga kima, usikimbie. Simama mbali kidogo na pale, washa taa za hatari, uwaashirie wanaokuja nyuma, kwani kundi likimwona mwenzao amelala huweza kurudi barabarani kumwendea. Akiwa jike, tazama tumboni mwake bila kumgusa, mtoto anaweza kuwa hai. Usimchukue nyumbani. Waarifu watu wa hifadhi pale langoni Jozani, au sheha wa karibu, ukitaja ni baina ya tuta lipi na lipi. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie sindano ya kichaa cha mbwa.