Umeokota nyundo mwambani? Acha kwanza hiyo picha

"Piga picha, rusha kwenye kundi, mwenyewe atajitokeza." Wakusanya mawe wakishuka tu kutoka vilima vya Masasi au wakirudi kutoka Ruangwa, ushauri huu unatolewa upya, na mzozo nao unaanza upya. Mwenyewe hujitokeza, ndiyo, ila hujitokeza wawili au watatu, na huenda hakuna hata mmoja anayesema uongo. Nyundo za jiolojia nyingi zinafanana: chuma kimoja toka kichwani hadi mwisho wa mpini, mshiko wa buluu, gramu mia sita na ushei. Aliyepoteza ya namna hiyo akiona picha anaamini kweli kuwa ni yake. Na mjanja je? Picha yenye alama zote imeshampa majibu kabla hujamuuliza swali.

Kabla hujaiinua, hifadhi pointi ya GPS kwenye simu na upige picha ikiwa pale pale ilipolala. Hiyo ni ya kwako, usiirushe. Kisha igeuze: pande zote za kichwa, uso wa kugongea, ncha, mwisho wa mshiko. Andika yale ambayo haikutoka nayo dukani, yaani mkato kwenye mpira, herufi zilizochorwa, kamba ya mkononi na fundo lake. Pima urefu kwa milimita, uzito kwa mizani ya jikoni. Tangazo liseme tu: "Imeokotwa nyundo, upande wa Masasi, Jumamosi." Imetosha! Anayedai ndiye aeleze. Ncha imechongoka, ya kupasulia mawe magumu kama naisi, au ni bapa kama tindo, ya mawe ya tabaka? Aliishika mara ya mwisho wapi? Ina kasoro gani? Usimtilie shaka kwa kukosea uzito, maana wengi hawajawahi kuzipima nyundo zao. Asipoujua mkato ulio chini ya kidole gumba chake mwenyewe, mwambie asubiri.

Lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi ni ngumu zaidi, kwa kuwa hazina tofauti. Hapo uliza mfuko na kamba. Tindo hutambulika kwa kichwa: kikigongwa sana huchanua na kupasuka kingo, na kila kimoja huchanua kivyake. Usikisage ili urudishe kitu kizuri, utakuwa umefuta alama. Na usikijaribu kwa kukigonga, vipande vya kingo hizo huruka hadi machoni. Mwambie mwenyewe akisage kabla ya kukitumia.

"Isafishe kwanza, ni ustaarabu." Ustaarabu huo hupoteza ushahidi. Kinywe cha Ruangwa, yaani madini ya grafiti, huacha utando mweusi unaoteleza kama grisi, wala haufanani na udongo mwekundu wa mashamba ya korosho. Aliyezunguka sehemu tatu wiki moja atajua kwa vumbi hilo alikoisahau. Ya ufukweni tu, kama Mikindani, ndiyo haingoji: piga picha, suuza chumvi kwa maji baridi, kausha, paka mafuta ya cherehani. Ukichelewa, kutu itakutangulia.

"Cha porini hakina mwenyewe." Soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258. Aliyeokota kitu kilichopotea akakifanya chake anasalimika kama hamjui mwenyewe na ana sababu za msingi za kuamini kuwa hawezi kupatikana. Jina limechomwa kwenye mpini, utaamini nini? Kikiwa kando ya shimo la wachimbaji wadogo, kiache hapo hapo. Hakijapotea, kinasubiri zamu. Vinginevyo mwachie mtendaji wa kijiji taarifa na namba yako.

"Paka nyekundu ionekane." Huku? Nyekundu humezwa na udongo, njano humezwa na nyasi kavu. Paka buluu kali au waridi, hata rangi ya kucha inafaa. Mpini wa mti uchome herufi kwa waya wa moto. Nyundo ya chuma igongwe herufi kwenye shingo, kamwe si kichwani, kwa sababu chuma cha pale kimetiwa ugumu na kinaweza kupasuka.

Kurudisha kwa basi ni sawa. Funga ncha kwa kipande cha ndala, tia kwenye boksi, chukua risiti, na nauli ya mzigo ailipe mwenye mali. Ila chupa ndogo isiyo na lebo iliyokutwa pamoja na vifaa hivyo ihesabu kuwa ni asidi ya kupimia mawe ya chokaa. Usiifungue, usiinuse. Isimamishe ndani ya ndoo ya plastiki yenye mchanga, mwenyewe aifuate. Hiyo haipandi basi.