Barafu ya ubuyu na kilio cha mtoto: tunayoyaamini na yalivyo

Kwetu Ngamiani, Tanga, kesi ya mtoto haiamuliwi na mama yake peke yake. Wangu ana miaka minne. Akijibwaga chini mbele ya mlango wa jirani anayeuza barafu za ubuyu, baraza zima lina dawa, na kila dawa inagombana na ya mwenzake. Nyingine nilikuwa naziamini mwenyewe.

"Zawadi ni hongo." Hii ndiyo ya kwanza kusikika. Wanasaikolojia wana neno lao, uimarishaji: chochote kinachofuata tabia na kuifanya izidi kutokea. Kipimo ni hicho tu, tabia imezidi au haikuzidi. Panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO kule Morogoro kunusa mabomu ya ardhini hupewa ndizi au karanga wakipatia, na sijasikia mtu akisema wamehongwa. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza mwaka 2020. Tena si lazima kiwe cha kuliwa. Mtoto ambaye mama yake ameinamia cherehani tangu asubuhi, hata kugombezwa kwake ni neema: angalau ametazamwa. Tunagombeza, kelele zinaongezeka, tunashangaa.

"Uimarishaji hasi ni kiboko." Nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Hasi hapa si ubaya. Ni kwamba kuna kitu kinaondoka. Mtoto analia, nampa barafu, kilio kinakatika. Yeye kapata barafu, huo ni uimarishaji chanya. Mimi nimeondolewa kelele, huo ni hasi. Kesho yeye atawahi kulia na mimi nitawahi kutoa. Tumefundishana. Kiboko kinakusudia kupunguza tabia, kwa hiyo hiyo ni adhabu, habari nyingine kabisa.

"Mara moja moja haidhuru." Hii ndiyo iliyotuponza nyumbani. Siku nne nakaza, ya tano nimechoka, natoa. Mwaka 1957 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ferster na Skinner, walichapisha kitabu kizima juu ya ratiba za uimarishaji, yaani tabia inalipwa lini na mara ngapi, wengi wa wanyama wao wakiwa njiwa, na jambo moja limethibitishwa mara nyingi: tabia inayolipwa mara nyingine tu huchelewa kufa kuliko inayolipwa kila mara. Fikiria bomba la maji ambalo halijawahi kukukosesha. Siku likigoma, unazungusha mara mbili tatu, unabeba ndoo yako unaondoka. Lakini mvuvi wa mshipi amezoea kurudi mikono mitupu. Kutwa bila samaki hakumwambii kwamba bahari imekwisha. Kwa ile "mara moja moja" yangu, nilikuwa namlea mvuvi.

"Kilio kimezidi, dawa imeshindwa." Kuacha kulipa tabia iliyokuwa ikilipwa huitwa kuzima tabia. Skinner mwenyewe aliliona hilo kwa ajali: kifaa cha kutolea chakula kilikwama, na panya aliyezoea kubonyeza kijiti apate chakula akaendelea kukibonyeza bure mpaka kasi ikafifia. Mara nyingine, kabla ya kufifia, tabia hupanda kwanza, kama mtu anayegonga mlango kwa nguvu zaidi usipofunguliwa. Ukikubali hapo, umelipa kile kilio kikubwa zaidi.

Mwaka 1959 mtafiti aitwaye Williams aliandika juu ya mtoto wa miezi 21 aliyekuwa akiwaka kila anapoachwa chumbani alale. Wazazi wakamlaza vizuri, wakatoka, hawakurudi. Mara ya kwanza alilia dakika 45. Kufika mara ya kumi alikuwa anatabasamu wakitoka. Kama wiki baadaye shangazi yake akamlaza, akamsikia analia, akarudi kukaa naye mpaka usingizi ukamchukua. Kazi ikaanza upya, na mara hiyo ya pili ikafaulu. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, maana kwetu shangazi huyo ni bibi. "Wewe ulilelewa na nani?" mama ananiuliza, barafu tayari mkononi.

Na hata pasipo shangazi, tabia iliyozimwa huweza kuchungulia tena baada ya siku kupita. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, aliliona kwa mbwa wake. Kuzimwa si kusahaulika.

"Kuzima ni kumpuuza mtoto." Si kweli, na hapa ndipo penye hatari. Kinachoondolewa ni malipo ya tabia ile, na lazima uyajue kwanza. Anayerusha daftari ili atolewe nje ya darasa, ukimtoa umemlipa. Kumnyima macho hakumhusu. Kilio cha njaa, cha homa au cha hofu si cha kuzima hata kidogo, ni cha kuitikiwa. Anayejiumiza huhitaji mtaalamu. Na mtoto ukimfungia mlango mmoja, mfungulie mwingine: kilio hakilipi, kuomba kwa maneno kunalipa, tena papo hapo.

Tulikubaliana hivyo na mama, kwa shida. Wiki mbili za kelele, majirani wakinitazama kama mama wa kambo. Juzi jioni nikasikia uani: "Bibi, naomba barafu." Kimya. Mama akageuka kunitazama mimi kwanza, kisha akafungua fundo la khanga kutafuta sarafu.