Je, wajua? Kamtungi ka dakika tano kanaweza kuisha chini ya dakika moja

Swali la kamtungi ka hewa ka mzamiaji kanadumu muda gani chini ya maji, mimi mwenyewe nililikosa tena kwa kujiamini. Jamaa yangu mmoja anayepiga mbizi na watalii Zanzibar alikuja Mwanza likizo, tumekaa Kirumba mwaloni tunakunywa chai, akanionyesha kwenye simu kamtungi ka dharura, kadogo kama thamosi, kana kinywa cha kupumulia juu yake, unakabeba pembeni ili mtungi mkubwa ukigoma upumulie hako mpaka utoke. Kana hewa lita 85, ukiipima ikiwa huru huku juu. Nikapiga hesabu palepale, mtu aliyetulia anavuta kama lita 15 kwa dakika, basi ni dakika 5 na ushee, muda wa kutoka na kusali juu. Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Kaka, hizo dakika tano ni ukiwa umekaa hapa kwenye benchi."

Kosa langu ni kwamba nilidhani lita ni lita. (Kosa dogo tulishamalizana nalo mapema, kwamba mle ndani ni oksijeni. Sio. Kwa kawaida ni hewa hiihii iliyosindiliwa kwa kompresa, oksijeni asilimia 21, na oksijeni tupu ukishapita mita 6 hivi inaanza kuwa hatari.)

Angalia zile chupa tupu za maji wanazofunga kwenye nyavu kama maboya. Chupa laini ikivutwa chini sana inarudi mbavu zimeingia ndani na kifuniko kimefungwa vilevile, tone halijaingia. Hewa haikutoka popote, maji ndio yameibana ikae sehemu ndogo. Baharini kila mita 10 zinaongeza mgandamizo karibu sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo hewa ya chupa inabaki nusu kwenye mita 10, theluthi kwenye mita 20, robo kwenye mita 30.

Mapafu nayo ni chupa hiyohiyo, ila mzamiaji hakubali yabonyee. Kile anachong'ata mdomoni, regileta, kinampa hewa yenye mgandamizo sawa na maji yaliyomzunguka ili kifua kijae kama kawaida. Sasa chukulia unauza dagaa kwa ndoo. Mteja wa kwanza unammwagia tu, ndoo ikijaa imejaa. Mteja wa pili anakushurutisha ushindilie mpaka kwenye ndoo ileile zinaingia dagaa za ndoo tatu. Ndoo haijakua ila gunia lako litaisha mara tatu upesi. Yule wa pili ndio mapafu yako kwenye mita 20.

Nikamuuliza, si avute tu hewa nyepesi kama ya huku juu? Kabla hajajibu nikakumbuka bua la jani la papai. Utotoni tulikuwa tunalikata, lina tundu katikati, tunazama nalo ziwani tukijifanya majasusi. Kichwa kikiwa chini kidogo tu ya maji unapumua freshi kabisa, shuka kidogo zaidi kifua hakipandi, kama kuna mtu mzima amekikalia. Miaka yote nimeamini bua lilikuwa limeziba. Kumbe maji yanabana kifua kwa nje na hewa ya kwenye bua ni ya huku juu, haina ubavu wa kuyasukuma.

Kwa hiyo kale ka lita 85, mita 20 chini, mtu ametulia, ni kama dakika 2. Lakini nani ametulia hewa ikimkatikia? Akianza kuhema lita 40 kwa dakika, ambayo kwa aliyeshtuka haishangazi, ni sekunde 40 na kitu. Na kupanda kunakoshauriwa ni kama mita 9 kwa dakika, yaani zaidi ya dakika 2 njiani. Ni kweli ukipanda matumizi yanapungua, na kila mtu ana mapafu yake, hizi namba zangu ni za kukisia. Marubani na wafanyakazi wa helikopta wanabeba vimitungi vya aina hii kwa ajili ya kutoka kwenye chombo kilichoanguka majini, na huko vinaeleweka, mara nyingi unahitaji pumzi chache karibu na juu.

Wazamiaji wengi wanategemea kwanza regileta ya pili kwenye mtungi mkubwa, mara nyingi ya njano, wanaiita pweza kwa sababu ya mipira inavyoning'inia (huku kwetu kwenye sato na sangara jina lingekuwa lingine). Hiyo ni ya kumpa mwenzako, ila lazima mwenzako awe karibu. Asiyetaka kumtegemea mtu anabeba mtungi wa lita 3 uliosindiliwa mara 200, hewa lita 600, huo hata kwenye mita 30 unakupa nafasi ya kupanda polepole na kusimama dakika 3 kwenye mita 5.

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki: mtungi uliokugomea chini ukianza kupanda unaweza kukupa pumzi kadhaa tena, maana maji yamelegeza na hewa iliyobaki ndani sasa ina nguvu kuyazidi. Hewa ya kifuani nayo inatanuka, ndio maana wanafundishwa kutoa sauti "aaaa" njia nzima wakipanda kwa dharura, ukiibana unaweza kupasua mapafu.

Halafu Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu imepungua kama asilimia 12. Ukifunga chupa hapa Kirumba ukaizamisha, hewa yake itakuwa nusu kwenye mita 9 hivi, haisubiri 10. Jamaa alikuwa hajawahi kuifikiria hiyo. Akatoa simu akaanza kupiga hesabu upya, chai yake ikapoa.