Mashine moja, vyuo vingi: maabara ya mbali inavyogawanwa

Maabara ya mbali ninayoizungumzia ni maabara halisi. Transista, kile kifaa kidogo cha kudhibiti umeme, imechomekwa, umeme unapita, mashine inapima. Mwanafunzi tu ndiye yuko mji mwingine.

Darasani hupenda kutumia mfano wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Mwaka 1998 Profesa Jesús del Alamo aliunganisha na intaneti mashine ya kupimia vifaa vya semikonda, kama transista, mashine ya bei kubwa isiyoweza kuwekwa kwenye kila meza. Mwanafunzi anaandika volti ianzie wapi, iishie wapi, ipande kwa hatua gani, kisha anatuma. Ombi linapanga foleni, mashine inapima kwa muda mfupi, namba zinarudi, anachora grafu. Mkondo wa umeme ukiwa mdogo sana, nukta zinatawanyika na kugoma kukaa kwenye mstari. Hapo maswali ya kihandisi yanaanza: hii ni transista, ni nyaya, au ni kikomo cha mashine yenyewe?

Kupima kwa mbali, basi, kuliwezekana mapema. Kazi ngumu ni kugawana. Nani atawafungulia akaunti mamia ya wanafunzi wa chuo kingine? Nani atashughulikia nywila zilizosahaulika na kutunza matokeo yao? Mwenye mashine akibebeshwa yote hayo, muhula hauishi kabla hajafunga mlango. iLab, mfumo wa MIT wa kugawana maabara za mbali, ulitenganisha kazi hizo. Seva ya maabara inabaki kwa mwenye mashine na inashughulika na majaribio tu. Kati yake na mwanafunzi kuna seva ya uwakala, ambayo chuo cha mwanafunzi kinaweza kuiendesha chenyewe: akaunti, ruhusa, kumbukumbu za matokeo. Kwangu mimi, mgawanyo huu una thamani kuliko mashine yoyote iliyounganishwa.

Kwetu faida yake ni kubwa zaidi. Ombi na majibu yake ni maandishi machache, hivyo hata intaneti dhaifu inayapitisha, na mawasiliano yakikatika matokeo yanakusubiri kwenye seva ya uwakala. (Majaribio ya kuendesha moja kwa moja ni habari nyingine, hayo lazima uweke zamu.) Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere na Obafemi Awolowo cha Nigeria viliingia katika mradi wa iLab na kujenga majaribio yao wenyewe kwa NI ELVIS, bodi za kujengea na kupimia saketi. Nalisisitiza sana hilo. Chuo kinachotumia tu mashine za wengine hakifundishi watu wake kuzijenga.

Kulehemu na kutafuta waya uliolegea bado kunahitaji mikono mezani, na mwaka wa kwanza nisingeuondoa huko kamwe.

Vyuo vikinijia kuomba ushauri, naanza na fundi sanifu. Transista ikiungua Jumamosi usiku, wanafunzi wa vyuo vyote wanakwama mpaka mtu afungue chumba na kuibadilisha. Makubaliano ya kugawana maabara yaandike mtu huyo ni nani, na nani anamlipa.